Msiwatie watu hofu ya miili yao: barua ya wazi kwa walimu wachanga wa mazoezi

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mliomaliza mafunzo juzijuzi, pamoja na ninyi wenye miaka miwili mitatu kazini, mnaosimama mbele ya mikeka mkiwaambia watu wainue mkono, wakunje goti, washushe pumzi. Baadhi yenu mmepita mikononi mwangu, wengine nawafahamu kwa sura tu. Mimi nimefundisha mazoezi na kukanda miili ya watu kwa miaka 41. Mwaka huu nimepunguza madarasa, nikapata nafasi ya kuandika jambo ambalo darasani huwa nalisema vipandevipande, halafu mtu anakuja na swali lake la bega na sote tunalisahau.

Jambo lenyewe ni hili: acheni kuwatia watu hofu ya miili yao.

Najua hakuna kati yenu anayeamka asubuhi akiwa na nia hiyo. Hofu tunaiingiza kwa maneno madogo. "Goti lako limesagika." "Nyonga imehama." "Una mgongo mbovu, uuchunge." Tunayasema huku tumeshika chupa ya maji, macho yameshamgeukia mwanafunzi anayefuata. Yeye anaondoka nayo, analala nayo, anaamka nayo.

Nayajua haya kwa sababu niliyafanya. Nilikuwa na miaka kama saba kazini alipokuja mama mmoja, fundi cherehani, anaumwa kiuno. Nilimwambia ainame niangalie. Akainama, mgongo ukajikunja kama upinde, jinsi mgongo wa binadamu yeyote unavyojikunja akiokota kitu. Nikamshika mabega nikamwinua haraka, kama anayemwondoa mtoto karibu na moto. Nikamwambia, "Mama, usiiname hivyo tena maishani mwako. Diski zitachomoka," yaani vile visahani laini vilivyo kati ya pingili za mgongo. Nikamfundisha kuchuchumaa na mgongo ulionyooka kama ubao. Baada ya wiki chache maumivu yakatulia. Maumivu mengi ya kiuno hutulia yenyewe kwa wiki chache, lakini mimi nilijihesabia sifa, na yeye alinishukuru kwa moyo wote.

Miaka tisa baadaye tulikutana kwenye harusi. Tulikuwa tumekaa meza moja, kitambaa chake kikadondoka. Nilimwona akikiokota. Alishika ukingo wa meza kwa mkono wa kushoto, akabana pumzi, akakaza taya, akateremka taratibu na shingo imesimama wima, kama amebeba mtungi uliojaa kichwani. Alipoinuka alikuwa na jasho juu ya mdomo. Nikamuuliza kama bado anaumwa. Akasema hapana, tangu mwaka ule hajaumwa hata siku moja. Kando yake alikuwa mjukuu wake wa miaka mitano, anamvuta gauni. Akaniambia, "Huyu sijawahi kumwinua kutoka chini. Si ulinikataza?"

Alisema kwa shukrani. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimemfanyia.

Sasa niwaeleze kwa nini lile nililomwambia halikuwa na msingi. Mwaka 2015 watafiti walikusanya tafiti 33 za picha za mgongo, jumla watu zaidi ya 3,000, na wote hao walikuwa hawana maumivu ya mgongo. Katika watu wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizoanza kuchakaa. Kwa wenye miaka 80, ni asilimia 96. Rudieni kusoma: watu wasioumwa. Diski kuchakaa ni kama kichwa kuota mvi. Mtu anapowaletea picha yake akitetemeka, akasema daktari ameona pingili zimebanana, msiongeze chumvi. Muulizeni anashindwa kufanya nini, kisha mtazameni akifanya.

Na mgongo haukuumbwa uwe nguzo. Una pingili 24 zinazojongea, kila moja ikichangia kidogo, na huo mkunjo tunaouogopa ndio unaomwezesha mtu kufunga kamba za viatu na kumwogesha mtoto. Mzigo mzito ambao mwili haujauzoea unaweza kuumiza, hilo kweli. Lakini dawa yake ni kuuzoesha mwili hatua kwa hatua. Kiungo kisichotumika hupoteza uwezo. Mfupa nao ni hai, hujijenga pale unapobebeshwa na hupungua pale unapopumzishwa mno. Wanaanga wakiwa angani, wasikobeba uzito wa miili yao wenyewe, hupoteza kati ya asilimia 1 na 1.5 ya uzito wa mifupa ya nyonga kwa mwezi, na ndiyo maana wanafanya mazoezi karibu saa mbili na nusu kila siku huko juu. Ukimwambia mtu asiiname tena maisha yake yote, unampeleka angani taratibu huku miguu yake iko ardhini.

Nisieleweke vibaya. Sipendi pia wale wa upande wa pili. Mimi nililelewa na kocha wa riadha aliyeamini kwamba maumivu ndiyo mazoezi yenyewe. Ukichechemea unaambiwa mvivu. Nilikimbia karibu msimu mzima na muundi unaouma sehemu ileile, kipande cha ukubwa wa kidole gumba, hadi siku moja nikashindwa kushuka ngazi. Mfupa ulikuwa umepata ufa. Kwa hiyo nimeishi pande zote mbili: nilifundishwa kudharau maumivu, kisha nikafundisha wengine kuyaogopa. Miaka mingi ilipita kabla sijaona kwamba makosa hayo mawili ni ndugu. Yote mawili yanamnyima mtu haki ya kusikiliza mwili wake mwenyewe. Kocha alinisikilizia mwili wangu, mimi nikamsikilizia yule mama mwili wake.

Mnanisikia mara nyingi nikiwataja wazee wa fani yetu, wale walioanzisha mbinu za mazoezi zinazobeba majina yao. Nataka mwasome kama watu, maana wengi wenu mmewafanya mitume. Frederick Matthias Alexander alizaliwa Tasmania, kisiwa cha Australia, mwaka 1869, alikuwa mghani jukwaani na sauti ikawa inamkauka katikati ya onyesho. Madaktari wakamwambia apumzishe koo. Akipumzika sauti inarudi, akipanda jukwaani inapotea. Basi akajiuliza swali la kawaida kabisa: kuna kitu ninachokifanya ninapoghani ambacho sikifanyi ninapozungumza? Akasimama mbele ya kioo, baadaye vioo kadhaa ajione na ubavuni, siku baada ya siku. Akaona kwamba kila anapotaka kuanza, anakivuta kichwa nyuma, anakandamiza koo, anavuta hewa kwa kelele mdomoni. Hakuwa amewahi kuhisi hata moja ya hayo. Na alipojaribu kuyarekebisha, akadhani amekipeleka kichwa mbele, kioo kikamwonyesha bado amekirudisha nyuma.

Ninalipenda sana tukio hilo. Mtu mmoja, kioo, subira. Joseph Pilates, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1883, alikuwa mtoto mwenye pumu na mifupa dhaifu. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia Waingereza walimfunga kizuizini, naye akaendelea kuboresha mazoezi yake humo humo. Moshe Feldenkrais, mwanafizikia na mcheza judo, aliumia goti, akaamua kuchunguza kila anavyokanyaga. Hawa watatu hawakuanza na kanuni. Walianza na tatizo lao na macho yao. Kanuni tumeziandika sisi tuliokuja nyuma, tukazining'iniza ukutani, na leo kuna mwalimu anayemkaripia mwanafunzi kwa sababu unyayo wake haukuelekea pale picha inapoonyesha, ilhali nyonga ya mwanafunzi huyo imeumbwa kwa namna nyingine kabisa. Tundu la nyonga halifanani kwa watu wote. Wako watu ambao wakichuchumaa na nyayo zimeelekea mbele sawasawa, mfupa unagota kwenye mfupa, na hakuna kunyoosha misuli kutakakoondoa hilo. Mwache ageuze nyayo nje kidogo. Atashuka.

Hapa ndipo nataka mkae na Nikolai Bernstein, mwanasayansi wa Kisovieti aliyechunguza jinsi mwili unavyojongea. Katika miaka ya 1920 mjini Moscow alipewa kazi ya kuchunguza wafanyakazi wanaogonga patasi kwa nyundo. Aliwafunga vitaa vidogo kwenye viungo vya mkono, akawapiga picha mfululizo wakigonga, ili apate mchoro wa njia ya kila kiungo. Hawa walikuwa mafundi, wamegonga maelfu kwa maelfu ya mara. Ungetegemea mkono wa fundi upite njia ileile kila pigo, kama mashine. Haikuwa hivyo. Bega lilibadilika, kiwiko kikabadilika, kifundo cha mkono kikabadilika, hakuna pigo lililofanana na lililotangulia. Lakini kichwa cha nyundo kilifika pale pale. Viungo vilikuwa vinasaidiana: kimoja kikizidisha, kingine kinapunguza. Ufundi wao ulikuwa katika kulitatua tatizo lilelile upya kila pigo.

Fikirieni maana yake kwetu. Tunapomlazimisha mwanafunzi arudie zoezi kwa umbo moja tu "sahihi", tunamnyang'anya kitu kilekile kinachomfanya fundi kuwa fundi. Mpeni njia nyingi. Ainuke kitini kwa miguu iliyo karibu, kisha iliyo mbali, kisha mmoja mbele mwingine nyuma, kisha polepole hadi aone ni wapi anabana pumzi, kisha macho yamefumbwa ikiwa yuko salama. Msimwambie ipi ni nzuri. Muulizeni ipi ilikuwa nyepesi. Mara ya kwanza atawatazama kwa mashaka, kwa sababu hakuna mwalimu aliyewahi kumuuliza. Subirini ajibu.

Najua mtaniuliza, na majeraha? Majeraha mengi ninayoyaona hayaletwi na umbo baya, yanaletwa na haraka. Misuli hupata nguvu ndani ya wiki, lakini kano na mifupa huchukua miezi. Mtu anajisikia ana nguvu, anaongeza uzito maradufu, kano inalalamika, halafu tunamlaumu kwa jinsi alivyosimama. Ongezeni kidogo, wapeni siku za kupumzika, muulizeni amelalaje. Haba na haba.

Kuna methali moja naomba mwiache mlangoni mnapoingia darasani: samaki mkunje angali mbichi. Kwa malezi ya watoto sawa. Kwa mwili wa mtu si kweli. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake huko Marekani walichapisha matokeo ya kuwafundisha wazee 10 wa nyumba ya wazee, wenye umri wa miaka 86 hadi 96, kunyanyua uzito mkubwa kwa miguu. Si vijiwe vya kuchezea. Uzito wa kweli, kwa wiki nane. Tisa walimaliza. Nguvu za mapaja yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, yaani karibu mara tatu ya walizoanza nazo. Miaka 90! Na sisi tunamwambia mtu wa miaka 60 kwamba amechelewa, achukue kiti anyooshe vidole. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka watu wazima wote wafanye mazoezi ya nguvu angalau siku 2 kwa wiki, juu ya zile dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani, na wenye miaka 65 kwenda juu waongeze mazoezi ya kuudhibiti mwili usiyumbe na ya nguvu siku 3. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba wazee wapewe cha kupitisha muda.

Na zile dakika hazihitaji nguo maalumu. Mwaka 1953 Jerry Morris na wenzake walilinganisha wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva anakaa zamu nzima. Kondakta anapanda na kushuka ngazi za basi siku nzima akikata tiketi. Makondakta walipata ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva, na walipoupata haukuwa mkali kiasi kile. Kondakta hakujua kwamba anafanya mazoezi. Mwanafunzi anayekuja kwenu mara moja kwa wiki akiwa na aibu kwamba "hafanyi mazoezi" pengine anapanda ngazi, anafua, anabeba ndoo. Mhesabieni. Mtu anayehesabiwa alichonacho huongeza kwa urahisi zaidi kuliko anayehesabiwa alichokosa.

Nigeukie mikono, kwa sababu wengi wenu mnakanda pia. Nina mambo mawili tu.

La kwanza, ombeni ruhusa kila mara, hata kwa mtu mliyemkanda mara 100. Sio kwa sauti ya kutimiza wajibu. Weka mkono wazi karibu na bega, sema unataka kulishika na kwa nini, ngoja. Mara nyingine mtu husema ndiyo kwa mdomo huku bega linapanda kuelekea sikio. Bega ndilo limejibu. Ondoeni mkono. Na mkishaushika mwili, msidanganye kuhusu mnachofanya. Hamrudishi mfupa uliohama. Hamvunji mafundo. Mkono mtulivu husaidia mwili kupunguza ulinzi wake, misuli ikalegea, mtu akathubutu kusogea tena, na hilo ni kubwa vya kutosha. Ukimwambia umemrudishia nyonga mahali pake, umemfundisha kwamba nyonga yake inaweza kutoka wakati wowote, na kwamba funguo unazo wewe.

La pili, jueni wakati wa kutogusa. Alinijia kijana mwenye afya, ametoka safarini, amekaa kitini saa nyingi. Akataka nimkande kigimbi cha mguu wa kulia, akidhani misuli imekaza. Nikaweka miguu yote miwili pamoja nikailinganisha. Wa kulia ulikuwa umevimba, ngozi imevutika na kung'aa, na ukiusogezea kiganja bila kuugusa unasikia joto. Nilikataa. Alikasirika kidogo, alikuwa ameshalipa. Nikamrudishia fedha zake nikamwambia aende hospitali moja kwa moja, asipitie nyumbani. Ilikuwa damu iliyoganda kwenye mshipa, na damu ya namna hiyo ikimeguka inaweza kufika kwenye mapafu. Kwa hiyo mguu mmoja uliovimba, ganzi katikati ya mapaja, mtu aliyeanza kushindwa kuzuia haja, maumivu ya kifua, maumivu yanayomwamsha usiku pamoja na kupungua mwili bila sababu: hayo si yetu, ni ya daktari, siku hiyo hiyo. Hapa msichelewe mkiogopa kumtisha mtu. Kumwambia mtu hatari iliyopo ni kumheshimu. Ninachokataza ni kumwambia hatari isiyokuwepo.

Nimalizie habari ya fundi cherehani, kwa kuwa najua mtaniuliza.

Wiki iliyofuata ile harusi nilikwenda kwake. Nikamwambia nilikosea. Hakunikubalia kirahisi, alinitetea dhidi yangu mwenyewe, akasema ni maneno yangu yaliyomponya. Nikamwomba tujaribu kidogo tu, mara mbili kwa wiki, bila malipo. Siku ya kwanza alikaa kwenye stuli, akaweka viganja kwenye magoti, akatoa pumzi, akaviteremsha hadi nusu ya muundi. Mikono ilikuwa inamtetemeka. Tukaishia hapo. Wiki ya tatu vidole vikagusa viatu. Baadaye tukafanya akiwa amesimama, kisha na pochi tupu mkononi, kisha pochi yenye kitabu, kisha yenye vitabu vitatu. Kila mara nilimuuliza imekuwaje, sikumwambia imekuwaje. Ilichukua miezi mitano. Mjukuu naye kwa wakati huo alikuwa anakaribia miaka sita, amekwisha kuwa mtoto anayekimbia mbele ya bibi yake, hataki kubebwa. Hilo halikurudi.

Siku moja nilimkuta kwenye cherehani anaongea kwa hasira kuhusu mteja aliyechelewa kuchukua sare za harusi. Aligeuka kunionyesha, kiwiko kikapiga kopo la nyuzi. Vigurudumu vya nyuzi vikasambaa sakafuni kila upande. Akainuka bila kukatisha maneno, akainama, mgongo ukajikunja kama upinde, akaokota wa bluu, akaokota wa kijani, akanyoosha mkono chini ya meza kuufuata mweupe, huku bado anamsema yule mteja. Nilisimama mlangoni nikamsikiliza hadi mwisho.

Mwalimu wenu